Saa ya kutupa taka

Mtaa niliokaa Seeb, pembeni ya Maskati, Oman, nikiwa mfanyakazi wa ndani, ulikuwa na pipa moja kubwa la taka, la chuma, kwenye kona ambapo lami inapinda kuelekea msikitini. Nyumba kama kumi na nne zilitupa hapo. Kila siku baada ya Magharibi, ardhi ikishapoa kiasi cha kukanyagika na ndala, mageti yalifunguka moja moja, na kila geti lilimtoa mwanamke na mifuko yake myeusi miwili mitatu. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu. Dakika tano, au saba kama mama mwenye nyumba yuko kwenye simu. Alikuwepo Mkenya wa nyumba ya mkabala, Waganda wawili, Mhindi mmoja mtu mzima asiyesema na mtu, Wafilipino, Muindonesia mmoja, na mimi binti wa Mkinga, Tanga. Tulikwenda kwenye lile pipa polepole, kama watu wanaokwenda kisimani, na kama kisimani, habari zote zilikuwa pale.

Mkubwa wetu alikuwa Mfilipino wa nyumba ya tatu. Tulimwita Ate, maana wenzake walimwita hivyo. Kwao ni kusema dada mkubwa. Alikuwa na miaka kumi na moja Uarabuni, na mkononi kovu la mafuta ya moto ambalo hakulificha wala kulisimulia. Wiki yangu ya pili aliniuliza, kwa Kiingereza cha kuokoteza kama changu, nalipwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa vidole: sabini. Riali sabini za Oman kwa mwezi. Aliweka mifuko yake chini kabla ya kunijibu. Yeye alikuwa analipwa mia na sitini.

Watu wakisikia umetoka Uarabuni wanataka kusikia habari za pasi ya umeme na maji ya moto. Mambo hayo yapo, na wenzangu yamewakuta. Mimi sikupigwa. Ninachotaka kusimulia ni bei, kwa sababu kwenye bei ndiko nilikojifunza maana ya kushikana mikono na mtu ambaye lugha yake huijui na kwao hujawahi kufika.

Kazi yangu haikuwa ndogo kuliko ya Ate. Kwake kulikuwa na watoto watatu, kwangu watano pamoja na bibi mzee wa kuogesha. Nililala saa sita usiku na kuamka kabla ya alfajiri. Kilichotutofautisha ni pasi ya kusafiria. Tangu 2006 serikali ya Ufilipino iliweka sharti kwamba raia wake wanaokwenda nje kufanya kazi za ndani wasilipwe chini ya dola 400 kwa mwezi, na kabla ya kupanda ndege kila mmoja akae kwenye semina aelezwe haki zake na pa kupiga simu mambo yakiharibika. Mimi nilipewa mkataba wa Kiarabu uwanja wa ndege Dar es Salaam, na wakala akaniambia nitie sahihi haraka kwa sababu abiria wameshaanza kuitwa. Nikatia. Ningetia hata kama umeandikwa kwamba nitakatwa mkono, kwa sababu sikuweza kuusoma.

Na hizo sabini, nisiseme uongo, zilinivutia. Nyumbani amri ya mishahara ya 2013 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri kuwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Elfu arobaini! Nilikuwa nalipwa hivyo hivyo Dar, pale nilipokuwa dada wa kazi kabla ya kuondoka, na bosi wangu alijiona ametimiza sheria, na kweli alikuwa ameitimiza. Riali sabini zilikuwa zaidi ya laki tatu na nusu. Mtu anayekushangaa kwa nini ulikwenda, mwambie kwanza afanye hesabu hiyo.

*

Familia niliyoifanyia kazi ilikuwa na asili ya Visiwani, kama zilivyo familia nyingi za Oman. Bibi alizaliwa Wete. Aliondoka Pemba msichana, baada ya mapinduzi ya 1964, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alinirekebisha. Nikisema "chakula kimeisha pikwa" ananitazama, anasema, "Sema kimekwisha." Ijumaa alitaka boko boko, na alikaa jikoni kwenye kiti chake cha plastiki akinielekeza namna ya kuipiga ngano mpaka ivutike, akinisimulia karafuu zilivyokuwa zikianikwa barabarani na harufu yake. Aliniita mwanangu. Nilimpenda yule bibi na bado nampenda, Mungu amrehemu.

Lakini "mwanangu" haina siku ya mapumziko. Mwana halipwi muda wa ziada, na pasi yake ikikaa kabatini kwa baba hakuna anayeona ajabu. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba lugha yetu tamu ndiyo iliyonifunga mdomo. Ate alikuwa mgeni mle nyumbani kwao, na mgeni ana masharti yake. Mimi nilikuwa mtoto wa nyumba mwenye kazi zote za nyumba.

Siku moja nilikuwa natandika kitanda, mama mwenye nyumba akawa anaongea kwa simu na rafiki yake sebuleni, kwa Kiswahili, bila kushusha sauti, kama mtu anavyoongea mbele ya meza. Rafiki alikuwa anatafuta kadama, yaani mfanyakazi wa ndani. Mama akamwambia: "Chukua Mtanzania. Wafilipino wanadai dai. Hawa wapole, wanajua sala, Kiswahili unaongea naye, na bei yao nzuri."

Nilikaa kwenye kona ya kile kitanda na foronya mkononi. Maisha yangu yote nimesifiwa upole. Mama yangu alinisifu, ustadhi wa madrasa alinisifu. Sasa nilisikia upole wangu ukitajwa kwenye orodha moja na bei.

Haikuchukua miezi mitatu nikaona upande wa pili wa maneno yale. Mkataba wa Ate uliisha. Alikuwa anategemea nyongeza. Mwajiri wake akamwambia hakuna nyongeza, na akitaka aende, kwa sababu jirani analipa sabini na nyumba yake inang'aa. Jirani mwenyewe ni sisi. Nyumba inayong'aa nilikuwa naifuta mimi. Ate alinieleza haya pale pipani bila ukali hata kidogo, akaniuliza kama nimekula, akarudi kwake. Usiku ule sikulala hata zile saa chache nilizokuwa nazo.

*

Baadaye, nilipokwisha kurudi na kuanza kukaa kwenye mikutano na watu wanaoijua biashara hii, nilielewa kwamba sikufika Seeb kwa bahati. Ethiopia ilizuia wanawake wake kwenda Uarabuni mwishoni mwa 2013. Kenya ikasimamisha 2014. Indonesia ikapiga marufuku 2015, kwa nchi zaidi ya ishirini kwa mkupuo. Uganda ikafuata Januari 2016. Kila serikali ilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa kweli: maiti, vilema, wasichana waliorudi hawasemi. Lakini mawakala hawakufunga ofisi zao. Walihama. Mlango mmoja ukifungwa Addis Ababa, wanagonga Tanga. Mombasa ikifungwa, msichana wa Kwale anavushwa mpaka pale Horohoro na kuruka kutokea Dar, bila karatasi inayosema yeye ni nani wala nani atamjibia. Mkenya wetu wa nyumba ya mkabala alikwenda hivyo hivyo, katikati ya marufuku, na alipopatwa na matatizo aliogopa kuupigia simu ubalozi wa nchi yake mwenyewe.

Ndiyo maana siwezi kushangilia pale nchi moja inapofunga mlango peke yake. Wala siwezi kushangilia sana nchi moja inapopandisha kima chake peke yake, ingawa Ate alilindwa na kima hicho. Dola 400 za Mfilipino ziliwafanya mawakala watafute asiyekuwa na 400, wakanipata mimi. Nami nikawa jiwe la kumponda yeye. Mimi na Ate hatukuwahi kugombana hata siku moja, na bado tulikuwa tunashushana bei bila kujua, kila mmoja akiwa jikoni kwake anasugua sufuria.

*

Mwaka wangu wa pili mshahara ulikoma. Mwezi wa kwanza nikaambiwa biashara ya baba imekwama. Wa pili, subiri. Wa tatu sikuambiwa kitu. Nyumbani Mkinga mdogo wangu alikuwa amerudishwa kutoka shule kwa kukosa ada.

Nilikwenda kuwaambia pipani. Ate alisikiliza, kesho yake akaja na kidaftari cha mtoto cha shule, kina picha ya gari jalada lake, kurasa za mwanzo zimechanwa. Akaninyoshea kalamu. Tarehe. Saa ya kuamka. Saa ya kulala. Kazi gani. Umelipwa, hujalipwa. Kila siku, bila kuruka. Akasema jambo ambalo Mkenya alinitafsiria: huwezi kudai kwa machozi, machozi wameyazoea.

Mkenya, aliyesoma mpaka kidato cha nne na mwenye Kiingereza kilichonyooka, alinifundisha namna ya kuandika barua ya madai yenye mistari minne tu. Mganda mmoja alikuwa na simu yenye kamera nzuri. Akanipigia picha kila ukurasa wa kidaftari na kuzituma kwa ndugu yake Kampala na kwa kaka yangu Tanga, ili hata kikichomwa kisipotee. Mwindonesia, ambaye tulikuwa tunaongea naye kwa ishara, kazi yake ilikuwa kusimama upande wa barabara na kukohoa mtu akitokea. Yule Mhindi asiyesema na mtu alinipa siku moja mfuko wa dengu. Sijui alijuaje. Pale nyumbani kwetu chakula kilikuwa kinahesabiwa.

Wiki sita nilijaza kidaftari. Kisha nikafanya kitu ambacho hakuna aliyenishauri. Asubuhi moja, namchana Bibi nywele, nikamuomba anisikilize nisome Kiswahili, anirekebishe. Akafurahi. Nikafungua kidaftari nikaanza kusoma. Jumapili, nimeamka saa kumi, nimelala saa saba usiku, nimeosha magari mawili, sijalipwa. Jumatatu, nimeamka saa kumi. Nikaendelea hivyo hivyo. Sauti ilinitetemeka mwanzoni, halafu ikatulia. Bibi alinirekebisha neno moja mwanzoni. Baada ya hapo hakunirekebisha tena. Nilipofika ukurasa wa nne akaweka mkono juu ya karatasi, akasema, "Basi." Akaagiza mwanawe aitwe.

Usiku ule nililipwa miezi miwili, noti juu ya meza ya jikoni. Iliyobaki sijaipata mpaka leo. Pasi yangu niliiona siku ya kuondoka.

Ila Ate alilipia. Watoto wa mtaani waliona, wakasema, na mwajiri wake akajua nani alikuwa mwalimu wa mambo haya. Kuanzia hapo taka za nyumba ya tatu zilitupwa na dereva. Nilimwona mara moja tu tena, kiti cha nyuma cha gari, amempakata mtoto. Aliinua vidole vya mkono wenye kovu kwenye kioo. Siku mbili baadaye dereva, Mbangladeshi, aliniangushia mfuko miguuni akaendelea na safari yake. Ndani kulikuwa na kipande cha boksi la majani ya chai, kimeandikwa namba ya simu ya Ufilipino, na chini yake neno moja: ATE.

*

Babu yangu mzaa mama alikuwa kuli Kilindini. Sisi Wadigo mpaka umetukuta tukiwa tumeshakaa. Shangazi Kwale, mjomba Mkinga, na harusi haiulizi stempu. Alivuka kwenda Mombasa kijana, akarudi na mgongo mbovu na hadithi za mgomo. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, karibu watu 15,000, waliweka kazi chini kwa siku kumi na mbili: bandari, reli, mahoteli, mpaka maboi wa majumbani kwa Wazungu. Babu alipenda sana kusimulia hapo kwa maboi. Mzungu akapika mwenyewe, anasema, na anacheka mpaka anakohoa.

Alisimulia kwamba kwenye mikutano ya uwanjani Mjaluo alisimama na Mkamba na Mgiriama, na hotuba zilikuwa za Kiswahili kwa sababu hakuna lugha nyingine iliyowatosha wote. Chege Kibachia, aliyeongoza chama chao, African Workers Federation, alikamatwa Agosti mwaka ule ule na kuwekwa Baringo kwa miaka kumi. Lakini habari ilikwisha kuvuka. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda reli kwenda bara. Mwaka uliofuata, Agosti 1948, ikawa zamu ya bandari ya Unguja, na mji mzima ukasimama. Serikali za kikoloni zilikuwa tatu, bandari tatu, na bei ya kazi ilikuwa inapangwa na watu waliokuwa wanaandikiana barua. Makuli nao walikuwa na majahazi, treni na Kiswahili.

Nikiwa mdogo nilisikiliza hayo kama hadithi za sungura. Kule Seeb, natembea na mifuko ya taka, yalinirudia yote. Nilijiuliza babu angefanya nini pale ambapo kila kuli amefungiwa kwenye meli yake.

*

Kilichonishangaza zaidi nilipokuja kuanza kazi ya kujitolea na wafanyakazi wa majumbani ni kwamba mambo tuliyoyagundua pipani kwa kubahatisha yalikuwa yameshaandikwa. Tarehe 16 Juni 2011, Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 wa kazi za staha kwa wafanyakazi wa majumbani. Kura 396 ziliunga mkono. Ndani yake kuna kifungu kinachosema anayevuka mpaka kwenda kufanya kazi ya ndani apate ahadi ya kazi au mkataba kwa maandishi kabla hajavuka. Kingine kinasema hati zake za kusafiria akae nazo mwenyewe. Kingine, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Nilivisoma vifungu hivyo nikiwa nimekaa kwenye benchi la ofisi ya chama cha wafanyakazi, na nilipofika kwenye cha pasi ikabidi nitoke nje nikasimame kidogo kwenye mwembe.

Walioupigania walikuwa wapishi na yaya. Walikwenda Geneva wenyewe, wakakaa nyuma ya ukumbi na kuwafuata wajumbe kwenye korido. Mtanzania mwenzetu Vicky Kanyoka, aliyetokea CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hifadhi, mahoteli na majumbani, alikuwa mratibu wa mtandao wao kwa Afrika. Oktoba 2013 mtandao ule ukazaa shirikisho la dunia mjini Montevideo, Uruguay, na rais wake akawa Myrtle Witbooi, mama wa Afrika Kusini aliyeanza kuwakusanya wenzake enzi za ubaguzi akiwa mwenyewe ni mfanyakazi wa ndani. KUDHEIHA, chama cha wenzetu wa Kenya, imo, CHODAWU imo, Wafilipino wamo, Wahong Kong wamo. Kwa hiyo mimi na Ate tulikuwa tayari ndugu kwa karatasi, miaka kadhaa kabla sijamwonyesha vidole saba. Hakuna aliyekuja kutuambia.

Hilo ndilo linaloniumiza kwenye kazi hii nzuri. Karatasi imefika Geneva haijafika Seeb. Nilipokuwa kule hakuna nchi hata moja ya Ghuba iliyokuwa imeridhia mkataba ule, na sheria ya kazi ya Oman ya 2003 ilituacha nje waziwazi sisi wa majumbani. Kuwait angalau ilitunga sheria yake 2015, na mwaka uliofuata ikaweka dinari 60 kuwa kima cha chini. Na kujiunga waziwazi kuna gharama. Beirut, Januari 2015, wafanyakazi wa ndani wa mataifa mengi, mamia, walikaa mkutano wa kuanzisha chama chao kwa msaada wa shirikisho moja la vyama vya Lebanon. Wizara ikakataa kukitambua. Mwishoni mwa 2016 wanawake wawili wa Nepal waliokuwa mstari wa mbele walikamatwa na kurudishwa kwao.

Na wa kwetu: Malcolm Bidali, Mkenya, mlinzi mjini Doha. Aliandika mtandaoni kwa jina la kificho juu ya mabweni yao, vitanda, mishahara, maji. Mei 2021 alichukuliwa. Alikaa kizuizini karibu mwezi mzima, muda mwingi peke yake. Waliopaza sauti walikuwa mashirika ya haki, vyama vya wafanyakazi, na wanafunzi wa vyuo vya pale pale Doha. Alitozwa faini ya riali 25,000 za Qatar, akaruhusiwa kuondoka Agosti. Nilipokuwa nafuatilia kesi yake kwenye simu nilikuwa namfikiria yule Mwindonesia wetu wa kukohoa. Mlinzi anaona kila kitu kinachoingia na kutoka. Angekuwepo mmoja kama Bidali mtaani kwetu, tungekuwa na saa nzima.

*

Nisipambe mambo. Kikundi chetu cha simu, cha walioko kule na tuliorudi, kina ugomvi kila wiki. Wakenya wanatuambia Watanzania tunaharibu soko kwa kukubali chochote. Watanzania wanasema Wakenya wanajiona. Waganda wanasema wote mnatudharau. Kuna dada aliwahi kutuma sauti ya dakika nne akilia kwamba ofisi ya wakala imemrudisha kwa sababu wamempata mwenye bei nafuu, na aliyepatikana alikuwa humo humo kikundini, anasikiliza. Siku ile nusura kivunjike.

Hakikuvunjika, kwa sababu yule mwenye bei nafuu alijibu. Alisema mshahara wake kwa namba. Hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hivyo. Kwetu mshahara ni siri kama maradhi. Mwingine akataja wake. Usiku wa manane tulikuwa na mishahara ya watu ishirini na kitu, nchi tano, na kila mtu akaona kwa macho yake namna tulivyopangwa kama nyanya sokoni. Tangu hapo kila mgeni anayeingia anaambiwa namba moja, ile ile, awe wa Kilifi au wa Kigoma: chini ya hapa usikubali, na kama umeshakubali, tuambie, hatutakucheka. Wapo wanaokubali chini ya hapo. Njaa haina kikundi. Lakini sasa wakala anayemwambia msichana wa Tanga kwamba Wakenya wote wanakwenda kwa sabini na tano anaumbuliwa palepale, na Mkenya, kwa Kiswahili.

Jambo moja linanikera na nitalisema. Kuna watu wanaotuchangia nauli za kuwarudisha mabinti kutoka Uarabuni, wanaandika kwa uchungu juu ya kafala, ule mfumo wa kumfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, na nyumbani kwao dada wa kazi analala jikoni. Amri ya mishahara ya 2022 ilimpandisha anayelala kwa mwajiri mpaka shilingi 60,000. Msichana anayetoka kwenye mshahara wa aina hiyo ataziona riali sabini kama pepo, na hutamzuia kwa hotuba. Anayetaka kumsaidia binti wa Seeb aanze na wa Sinza.

*

Sasa hivi Jumamosi za mwisho wa mwezi tunaazima darasa moja Ngamiani, mjini Tanga, na kukaa na mabinti wanaosubiri viza. Wanakuja kumi, pengine kumi na watano, wengine na mama zao. Hatuwaambii wasiende. Tunasoma mkataba wa Kiarabu neno kwa neno na ustadhi mmoja anayejitolea kutafsiri. Tunawafundisha kuhesabu saa. Kisha tunatoa sindano.

Kila mmoja anakuja na gauni moja atakalosafiri nalo. Tunafumua upindo kidogo, tunaweka kipande cha kitambaa cheupe chenye namba tatu zilizoandikwa kwa wino usiofutika, ya kaka au mama, ya chama, na ya mwanamke mmoja aliyeko kule kule, wa nchi yoyote, na tunashona tena. Simu inachukuliwa siku ya kwanza. Mkoba unapekuliwa. Upindo wa gauni haujawahi kupekuliwa. Wazo hilo tulipewa na dada wa Kilifi aliyewahi kukaa mwaka na nusu bila kusikia sauti ya mtu wa kwao. Mabinti wanashona wakicheka, kama wako kwenye maandalizi ya harusi, na mimi nawaangalia vidole.

Jumanne iliyopita, saa tano za usiku, mmoja wa wale wa mwezi wa pili alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Maskati. Alikuwa ananong'ona. Anasema mtaani kwake kuna msichana mpya, ametoka Sierra Leone, analipwa hamsini na tano, hajui Kiswahili, Kiingereza chake hakieleweki, na kila wakikutana kwenye kutupa taka anatazama chini. Anaogopa, anasema. Nimfanyeje, dada?

Nikamuuliza kama jikoni kwake kuna boksi la majani ya chai lililokwisha.

"Lipo."

Nikamwambia achane kipande.